Kitovu cha Mbegu, Mlango wa Figo: Tafakuri juu ya Istilahi "Hilum"

Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956 mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, masomo hutolewa kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba "hile" ni mahali ambapo ateri huingia katika figo, na vena pamoja na mrija wa mkojo hutoka. Mwenzake wa kilimo huonyeshwa "hile" nyingine: alama iliyo ubavuni mwa haragwe, pale kikonyo kilipoishikiza mbegu kwenye ganda lake. Je, Kiswahili nacho kitumie neno moja?

Chimbuko la neno hilo ni "hilum" ya Kilatini. Festus, mwanasarufi wa Roma, anaeleza kuwa lilidhaniwa kuwa kitu kidogo kinachoganda kwenye punje ya haragwe. Warumi walilitumia hasa katika kukanusha, na kutokana nalo likapatikana "nihil", yaani si chochote. Mswahili naye hukanusha vivyo hivyo anaposema "hata chembe". Hata hivyo, chembe haliwezi kubebeshwa mzigo huu, kwani tayari linataja punje, na pia chembe cha moyo, mahali palipo chini ya kifua.

Yabaki mapendekezo matatu. Kutohoa "hilumu" kunahifadhi umoja wa istilahi, ila hakumfumbulii msomaji maana. "Kovu" linaifaa mbegu iliyokwisha kuachana na kikonyo. Figo halijaachana na kitu, wala halina kovu. "Kitovu" ni bora zaidi kwa mbegu, kwa kuwa nayo ililishwa kupitia kikonyo kama mtoto tumboni mwa mamaye. Lakini daktari aliyesoma kwa Kifaransa huenda akalazimika kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Akitaja "kitovu cha figo", mgonjwa atajishika tumbo.

Kasoro ya msingi ni kutafsiri neno badala ya kutaja kitu. Wanaanatomia wenyewe, walipofika kwenye ini, walipaita mahali kama hapo "porta", yaani mlango. Kiswahili hakifungwi na mfanano wa figo na haragwe. Kiseme "kitovu cha mbegu" kwa kilichofungwa, na "mlango wa figo" kwa kilicho wazi. Istilahi mbili zinazoeleweka ni bora kuliko moja inayohitaji mkalimani.