Fundi wa Ibara

Zahanati ya Kanja ikiishiwa dawa, mtu wa kuulizwa ni nani? Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010: zahanati ni mzigo wa Kaunti ya Embu. Chekechea ni ya kaunti, lakini shule ya msingi iliyo jirani yake ni ya serikali kuu. Mistari hiyo ni mifupi na mikavu, na asomaye upesi hudhani iliandikwa asubuhi moja. Imepitia mikono mingi, na miongoni mwa mikono iliyoishika kazi hiyo kwa subira kubwa ni ya Profesa Yash Pal Ghai, msomi wa sheria ya umma, yaani sheria inayoiwekea serikali mipaka na kueleza uhusiano wake na raia.

Hatua ya kwanza ya kazi hii ni kusoma. Ghai alizaliwa Kenya mwaka 1938, akasoma Oxford na Harvard, kisha mwaka 1963 akaenda kufundisha katika chuo cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria ndicho kilichotangulia vingine vyote vya chuo kile. Pamoja na Patrick McAuslan, aliyewahi kufundisha naye huko, alipekua sheria za utawala wa Kenya tangu enzi za ukoloni: amri za gavana, Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915, Katiba ya uhuru, na marekebisho yaliyoifuata moja baada ya jingine. Kila waraka unaulizwa maswali yaleyale. Nani amepewa mamlaka? Yanaishia wapi? Nani anaweza kuyahoji? Mwaka 1963 Meru na Embu zilitolewa Mkoa wa Kati zikaingizwa Mashariki. Kwa msomi wa aina hii, mstari kama huo kwenye ramani nao ni sheria ya kuchunguzwa. Kitabu chao kikubwa kuhusu sheria ya umma na mabadiliko ya kisiasa nchini Kenya kilitoka mwaka 1970, na kwa miaka mingi wanafunzi wa sheria wamekirejelea.

Baadaye alifundisha Warwick, Uingereza, kisha Hong Kong, alikoshika kiti cha uprofesa wa sheria ya umma. Kati ya mihadhara alisaidia nchi changa kuandika katiba zao, Papua New Guinea ikiwa mojawapo.

Hatua ya pili ni kusikiliza, na hapa ndipo subira inapopimwa. Alipoteuliwa kuongoza Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya, hakukimbilia kiapo. Alitaka kwanza kundi la Ufungamano, la viongozi wa dini na mashirika ya kiraia, lililokuwa na mchakato wake, liketi meza moja na tume ya serikali. Pande hizo mbili ziliungana mwaka 2001. Mwaka 2002 makamishna wakaenda katika maeneo bunge yote 210, Runyenjes yenye Kanja yake ikiwemo. Utaratibu wa vikao ulikuwa wa makini: msemaji anataja jina lake, anapewa dakika chache, anatumia Kiswahili, Kiingereza au lugha ya mama kupitia mkalimani, makamishna wanamuuliza, kisha anatia sahihi kwenye rejista. Kila neno linarekodiwa na kupigwa chapa. Mkulima na wakili wanaandikwa katika taarifa moja.

Hatua ya tatu ni kuchambua. Maoni hayaji yakiwa yamepangwa kwa sura na ibara. Mama analalamika kwamba chifu alimfukuza ofisini bila maelezo. Msomi analisikia lalamiko hilo na kulitafutia mahali pake: hili si suala la tabia ya chifu peke yake, ni haki ya raia mbele ya afisa wa umma.

Kisha ndipo kalamu inaposhikwa. Itazame Ibara ya 47 ya Katiba tuliyo nayo. Inampa haki “kila mtu”, wala si kila raia, kwa hiyo mgeni naye amekingwa. Inataka hatua ya ofisi iwe ya haraka, yenye ufanisi, halali, ya busara, na iliyofuata utaratibu wa haki. Ukiondoa sifa moja tu, ofisi imepata mwanya. Inamlinda aliyeathiriwa na pia anayeelekea kuathiriwa, ili asingoje hadi aumizwe. Mwisho inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Neno “maandishi” ndilo linalobeba uzito, kwa kuwa sababu ya mdomo hukanwa kesho yake. Ustadi wa uandishi wa sheria uko hapo: hakuna neno lililowekwa kwa pambo.

Hatua ya mwisho ni kustahimili. Rasimu ya tume ilitoka Septemba 2002. Wajumbe 629 waliijadili katika kongamano la katiba la Bomas, Nairobi, wakapitisha yao Machi 2004. Ghai alijiuzulu mwaka huohuo, na mwaka 2005 wananchi wakakataa rasimu iliyokuwa imebadilishwa. Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga iliposhika kazi, haikuanza na karatasi tupu; kazi ya miaka ile ilikuwa mezani. Katiba ilipita kwa kura Agosti 4, 2010, ikatangazwa rasmi Agosti 27. Ghai hakuiacha kazi hiyo, alishiriki kuanzisha taasisi ya Katiba Institute, akaendelea kuwaeleza wananchi ibara moja moja.

Kazi ya fundi huheshimiwa kwa kutumiwa. Kikao cha bajeti ya kaunti kikiitishwa, nenda na Jedwali la Nne mkononi. Na ofisi ikikunyima haki yako, usigombane na karani: omba sababu kwa maandishi, kisha uitaje Ibara ya 47.