Nani Amerudi Nyumbani? Tamthilia za Kikorea Mbele ya Mtazamaji wa Issenye

Hadithi haina kwao. Huzaliwa mahali, ikaota miguu, ikaenda ilikoalikwa na isikoalikwa. Na kila inapofika hupimwa kwa kipimo cha wenyeji. Wasomi wamezoea kuuliza hadithi ya kigeni imewafanya nini wenyeji. Swali la pili, ambalo ni gumu zaidi na huulizwa kwa nadra, ni hili: wenyeji wameifanya nini hadithi ya kigeni? Makala haya yanalichukua swali hilo la pili na kulijaribu kwa tamthilia, sinema na mashindano ya televisheni yatokayo Korea Kusini, kama yatazamwavyo na mpenzi wake mmoja katika nchi ya Issenye, wilayani Serengeti, mkoani Mara.

Mpenzi huyo ni wa mfano, wala hakupewa jina. Na awe mwanamke mwenye genge la nyanya na dagaa, aliyesoma mpaka kidato cha nne, anayesema lugha ya kwao na mama yake na Kiswahili na wateja wake. Lugha hiyo ya kwao ni ndugu wa karibu wa Kiikoma na Kinata, na wasemaji wake wanaishi magharibi ya Hifadhi ya Serengeti. Kikorea hakijui, na maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha humponyoka kabla hajayamaliza. Kinachomfikia ni sauti ya mfasiri.

Kazi ya mfasiri huyo ina historia yake katika Afrika Mashariki. Sauti ya Lufufu, aliyesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam, ilisambaa kwa kanda na diski mpaka katika vibanda umiza vya miji midogo. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wake kwa Kiganda. Mfasiri wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Hueleza, hukatiza, huonya, hutania, hutia methali. Wasomi humlaumu kwamba anaiharibu kazi ya mtungaji, na mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mtambaji wa hadithi kando ya moto naye hakuwahi kuisimulia hadithi kama alivyoipokea. Kwa sauti ya mfasiri tamthilia ya Kikorea huingia katika ukoo wa hadithi zilizotambwa, na mtazamaji huihukumu kwa sheria za ukoo huo.

Sheria ya kwanza yaonekana katika mapokezi ya Jumong, tamthilia ya sehemu 81 iliyoonyeshwa Korea mwaka 2006 na 2007, ambayo baadaye ilipata wapenzi wengi Tanzania. Inasimulia habari za mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo, ambao kwa mapokeo ya Wakorea ulianza mwaka 37 kabla ya Kristo. Jumong hulelewa katika jumba la mfalme asiye baba yake, hudharauliwa na wana wa mfalme huyo, kisha hujifunza silaha kwa mfungwa kipofu bila kujua kwamba ndiye aliyemzaa. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyaona hayo asimkumbuke Fumo Liyongo. Liyongo aliuawa na mwanawe aliyemjua vema. Jumong alifundishwa na baba asiyemjua. Katika utendi mmoja damu inamsaliti shujaa. Katika mwingine damu inamtumikia kabla haijatambulikana.

Lakini mtazamaji wa Issenye hamsifu Jumong kwa upinde wake tu. Humsifu kwa wenziwe watatu, Mari, Hyeopbo na Oi, ambao mwanzoni walikuwa wahuni wa mjini, wakawa ndugu zake, wakatoka pamoja naye na kufika pamoja naye. Hapo ndipo kipimo cha wenyeji kinapojidhihirisha. Jamii za magharibi ya Serengeti zilijengwa juu ya rika, ambalo huko huitwa saiga. Vijana waliotahiriwa wakati mmoja walikuwa kundi moja maisha yao yote: walilinda ng'ombe pamoja, walizeeka pamoja. Majaribu yalikuwapo, na yalikuwa makali. Lakini shabaha ya majaribu ilikuwa wote walioingia watoke. Kijana aliyeshindwa kuvumilia alilitia aibu rika zima, kwa kuwa rika zima lilimhesabu kuwa ni wake. Kwa kipimo hiki sifa ya shujaa hutegemea idadi ya watu aliorudi nao nyumbani.

Sasa na iletwe mbele ya kipimo hicho Squid Game, yaani mchezo wa ngisi, iliyotungwa na Hwang Dong-hyuk na kutolewa Septemba 2021. Mtungaji aliianza kazi hiyo mwaka 2008, naye mwenyewe akiwa katika dhiki ya fedha, ikakaa zaidi ya miaka 10 bila kupata mfadhili. Watu 456 walioelemewa na madeni hupelekwa kisiwani kucheza michezo ya watoto. Ashindwaye huuawa. Kila roho moja ina bei ya won milioni 100, na kila afapo mtu noti humiminika ndani ya nguruwe wa kioo aning'iniaye juu ya vitanda vya walio hai, mpaka zitimie won bilioni 45.6 za mshindi mmoja. Hili ni rika lililogeuzwa ndani nje. Wameingia pamoja, wamevaa sare moja, wamelala chumba kimoja. Na kila mmoja huchuma faida katika maziko ya mwenziwe.

Mhakiki wa mjini hutazama ufundi wa rangi, ngazi za waridi na vinyago vya walinzi. Mwenye genge huuliza kwanza: ni nani aliyewakopesha? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini ndilo mlango wa tamthilia nzima. Tanzania inayo mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu: hutolewa upesi, riba yake ni nzito, na anayechelewa kulipa hubebewa godoro, televisheni na sufuria. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga ilitungwa zamani kwa mfano. Katika Squid Game matanga si mfano tena. Kwa sababu hiyo mtazamaji huyu hahitaji kuelezwa kwa nini Seong Gi-hun, aliyefukuzwa katika kiwanda cha magari baada ya mgomo, alikubali kupigwa makofi na mtu asiyemjua kwa ajili ya fedha kidogo.

Baada ya mchezo wa kwanza, uliowaua 255, waliobaki 201 hupiga kura, na kwa kura 101 dhidi ya 100 huamua kwenda zao. Mlango hufunguliwa. Kisha, bila kushikwa mkono, 187 hurudi. Vijana wengi hupiga kelele hapo kwamba watu hao ni wapumbavu. Mwenye genge hanyanyui sauti, kwa kuwa anajua kwamba mlango wazi si uhuru kwa mtu ambaye nyumbani anangojwa na mdai. Ila ana swali lake jingine: wale 14 ambao hawakurudi walikwenda wapi? Walilipaje? Nani aliwachangia? Tamthilia haisimulii maisha yao. Katika uhakiki wote uwezao kuandikwa juu ya kazi hii ni vigumu kupata swali linaloingia ndani zaidi kuliko hilo, maana linagusa mpaka wa fikira ya mtungaji. Hwang ameweza kuwaona wote waliorudi kufa. Hakuweza kuwaona waliopata namna ya kuishi. Mwanamke aliyewahi kukalia kiti katika kikoba, akaona wanachama wakimkomboa mwenzao aliyeshindwa marejesho, anajua kwamba hadithi ya wale 14 ipo, na kwamba haikusimuliwa.

Sehemu iumizayo kuliko zote ni ya gololi. Kila mtoto wa Tanzania aliyewahi kuchimba kishimo mchangani anaujua mchezo huo. Ali Abdul, mfanyakazi kutoka Pakistani aliyenyimwa mshahara na tajiri wake, amefungwa pamoja na Cho Sang-woo, msomi wa chuo kikuu. Zamani kidogo Ali alikuwa akimwita Sang-woo kwa neno la heshima apewalo mwajiri. Sang-woo akamwambia aliache, amwite kaka. Ni kaka huyo huyo amwibiaye Ali gololi zake, akamjazia mfuko changarawe, akamwacha auawe. Kiingereza hakina neno lililozoeleka la kuubeba uzito huu, kwa sababu katika lugha hiyo si desturi ya kila siku kumwita kaka mtu asiyezaliwa naye. Kiswahili kinalo, na mfasiri hupata hapa ushindi asioutafuta. Asemapo kaka, kibanda kizima hujua kwamba neno hilo ni ahadi.

Ushahidi kama huo umo katika Parasite, sinema ya Bong Joon-ho ya mwaka 2019. Mtumishi wa zamani wa nyumba ya tajiri, aliyeondolewa kwa hila na watumishi wapya, humsihi aliyechukua nafasi yake kwa kumwita dada; naye huukataa udada huo. Wasichana wengi wa vijijini Tanzania wamekwenda mijini kuwa wasaidizi wa kazi za ndani, na sinema hii wao huitazama kutoka jikoni. Wanaona upesi kwamba maafa hayakuanza siku ya kisu. Yalianza pale maskini alipomkatalia maskini mwenziwe neno la undugu.

Tena kuna jambo ambalo pengine laonekana kwa ukamilifu zaidi Issenye kuliko Seoul. Katika Squid Game matajiri huja kisiwani kutazama watu wakifa, wamevaa vinyago vya dhahabu vyenye sura za wanyama. Kila mwaka nyumbu hupita magharibi ya Serengeti. Mtoni wengine huliwa na mamba, wengine huzama. Na wageni kutoka mbali hulipa fedha nyingi wakae ndani ya magari wauone msiba huo. Si kosa kumtazama nyumbu, na wako wanakijiji wanaoishi kwa ujira wa utalii. Lakini mtu aliyekua kando ya hifadhi anajua tangu utoto kwamba hatari ya mmoja yaweza kuwa starehe ya mwingine, na kwamba anayetazama hutakiwa akae mahali palipoinuka. Vinyago vile kwake vina maana iliyo wazi: watazamaji wamejivika unyama, na wanyama wa kutazamwa ni watu.

Mashindano yasiyo ya kubuni nayo yapimwe vivyo hivyo. Katika Physical: 100 ya mwaka 2023, watu 100 wenye nguvu hushindania won milioni 300, na kila ashindwaye huivunja kwa nyundo sanamu ya kiwiliwili chake. Hapa hakuna damu, na mara nyingi washindani hukumbatiana. Mtazamaji hupenda kukumbatiana huko kuliko ushindi. Katika mashindano ya Produce 101, vijana walioota kuwa waimbaji walichujwa kwa kura za watazamaji, mpaka ikafichuka mwaka 2019 kwamba hesabu za kura zilipotoshwa. Na Mei 2020 mahakama ilimfunga mtayarishaji miaka 2. Tamthilia ilisema kwamba mchezo hauna haki, mashindano yalithibitisha.

Yako mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba kipimo cha rika nacho kina upofu wake. Saiga ilikuwa ya wanaume, na mwanamke aliingia humo kwa jina la baba au la mume. Ni kweli, na ndiyo sababu mtazamaji wa mfano amekuwa mwanamke. Amekichukua kipimo cha baba zake akakipanua kwa kikoba, na kukipanua si kukivunja. La pili ni kwamba kusoma kwa namna hii ni kutafuta nyumbani katika kila kazi ya ugenini, na mtu afanyaye hivyo haoni ila sura yake. Pingamizi hili ni zito zaidi. Lakini kipimo cha mwenye genge hakikumwonyesha sura yake tu. Kilimwonyesha pengo la watu 14 katika kazi ya mtu mwingine. Kioo hakiwezi kuonyesha pengo.

Na mwisho wa tamthilia wampa haki. Katika sehemu zilizotolewa Juni 2025, Gi-hun hufika mchezo wa mwisho akiwa na mtoto mchanga aliyezaliwa kisiwani, mwenye namba 222 aliyoirithi kwa mamaye. Lazima mmoja afe. Gi-hun hujitupa, na won bilioni 45.6 humwangukia mtoto asiyejua kuhesabu. Wahakiki wengine waliuona mwisho huo kuwa wa machozi rahisi. Kwa kipimo cha rika ndiyo hatua pekee iliyokuwa imebaki: mtu wa rika lililokwisha hulipisha rika lijalo, na mmoja arudi nyumbani ambaye mikono yake haikuua.

Basi uhakiki haukuanzia chuoni wala haukomei hapo. Kauli za vibanda vya kijijini, maswali yaulizwayo picha inapokatika kwa umeme kuzimika, yanastahili kuandikwa na kuchunguzwa kwa bidii ile ile inayotumiwa kukusanya ngano na methali. Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo Issenye asianze kwa kuwaeleza watu maana ya tamthilia. Na aanze kwa kuuliza, kama wao, ni wangapi walioondoka, na ni nani amerudi nyumbani.