Ngazi na Kamba: Filamu Nne Zilizotazamwa Pujini

Katika magofu ya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, pana kisima ambacho wazee hawachoki kukihadithia. Mkama Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukali, alikuwa na wake wawili wasiopatana. Ili wasionane wakati wa kuteka maji, alijenga ukuta katikati ya kisima: mmoja akashuka kwa ngazi, mwingine akateka kwa ndoo na kamba. Maji yalikuwa yale yale. Kama kisa hiki ni mapisi au ni ngano, hiyo ni kazi ya wanaochimba mambo ya kale. Kwa mpenda lugha kinatosha kuwa mfano, kwani filamu ya Kiswahili ya zama hizi nayo ni kisima chenye ukuta. Upande mmoja yuko anayesikia. Upande wa pili yuko anayesoma maandishi ya Kiingereza yaliyopangwa chini ya picha.

Filamu nne zilitazamwa Pujini hivi karibuni, kila moja usiku wake, baada ya sala ya Isha, juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Waliokaa mbele yake ni wakulima, wanafunzi, akina mama waliotandika mikeka, na watoto wengi. Pemba si mgeni wa sinema. Wete na Chake Chake ziliwahi kuwa na majumba yake, na wako wazee ambao hadi leo huimba nyimbo za Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ingawa Kihindi hawakukijua. Tamasha la Nchi za Jahazi lilipoanza Unguja mwaka 1998, nalo halikubaki Ngome Kongwe peke yake; maonesho yake yalipelekwa mashamba, Unguja na Pemba. Jipya la safari hii ni kwamba filamu zenyewe zinasema Kiswahili. Basi ni haki kuuliza: zinakisema kwa nani?

Jibu huanza kwenye jina, kwa kuwa jina ni mlango wa kazi yoyote ya sanaa. Filamu ya kwanza, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Nje ya Afrika Mashariki inaitwa Tug of War. Hilo ndilo jina la mchezo wenyewe kwa Kiingereza, wala hapana kosa la kamusi. Lakini tazama kilichomwagika njiani. Kiswahili kina watu wawili ndani yake: wewe vuta, nami nikuvute. Kina kauli ya kuchokozana, kina sauti ya mtu aliyeshika kamba na kumwangalia mwenziwe machoni. Kiingereza kimeleta vita na kuwaacha watu nyuma.

Watu hao ndio utamu wa riwaya. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anakimbilia kwa Mwajuma wa Ng'ambo. Denge, kijana wa harakati, anapambana na serikali ya kikoloni katika miaka ya hamsini. Filamu imewapa watu hawa rangi na mwanga ambao haujaonekana mara nyingi katika sinema ya Tanzania, na si ajabu kwamba ilipokelewa Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, anapoimba ndani ya vazi la Mwajuma, mtazamaji wa pwani hahitaji kuambiwa kitu.

Ila upungufu upo, nao uko masikioni. Watu wa Adam Shafi ni wasemaji. Hutaniana, hupigana vijembe, huzungusha maneno hadi msomaji akacheka peke yake. Katika filamu mengi ya hayo yamegeuzwa kuwa kutazamana. Iko hoja ya kumtetea mwongozaji: penye wapelelezi, kunyamaza ni akili, na picha ina ufasaha wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Ng'ambo ilijulikana kwa ndimi zake. Mtu aliyelelewa na malumbano atahisi kwamba ameingizwa katika nyumba nzuri ambayo wenyewe wametoka.

Filamu ya pili ni Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya (2018). Jina lake halikufasiriwa wala halihitaji kufasiriwa. Watoto wa Pujini walilidaka usiku ule ule, na asubuhi yake lilikuwa likipigwa kelele njiani kwenda skuli. Kisa ni cha Jo, mtoto mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kijifanye kinaamini kwamba Jo naye anazo nguvu hizo, na mwisho kijiji kinashirikiana kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Mama hapendezwi na mchezo huo. Yeye ni mkunga, anajua mwanzo na mwisho wa uhai, na anataka siku zilizobaki zipitie kwenye ukweli.

Hapo ndipo filamu inapopata uzito, kwani pande zote mbili zina haki. Lawama ndogo ni kwamba kila chozi limewekewa saa yake. Mtazamaji anaona mkono unaomvuta. Lakini jambo lililotokea mkekani lilikuwa kubwa kuliko lawama hiyo. Watu wa filamu hii huchanganya Kiswahili na Kikuyu na Kiingereza, hivyo bibi wa Pujini naye alijikuta upande wa kamba, ana ndoo lakini hafikii maji. Mtoto mmoja wa kike, mwanafunzi wa skuli ya msingi, akaanza kumsomea maandishi kwa sauti ndogo, akiyageuza kuwa Kiswahili chao cha nyumbani. Kabla filamu haijafika nusu, watu waliokaa karibu walikuwa wamesogea kumsikiliza. Pale mambo ya Jo yalipokuwa mazito mtoto akanyamaza. Maandishi yaliendelea kupita chini ya picha, na hapana aliyemuuliza yanasema nini.

Filamu ya tatu ni kongwe kuliko zote: Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001 na kuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania katika mashindano ya Oscar. Kwa Kiingereza imeongezewa maneno yenye maana ya "yule wa kale", ambayo si tafsiri bali ni jina jingine kabisa. Neno la Kiswahili linatisha. La Kiingereza linatuliza. Daktari Asira, Mmarekani Mweusi, anakuja Tanzania kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko anamkuta mwanamke aliyekaa miaka mingi bila ya kusema. Mwanamke huyo anaandamwa na mzimu wa bibi wa kale, ambaye ndiye Maangamizi.

Mwanamke asiyesema anaitwa Samehe. Katika maandishi ya Kiingereza, Samehe ni jina tu, kama lilivyo jina lolote. Katika sikio la Mswahili, kila anapoitwa anaamrishwa. Daktari anapolitamka jina lile kwa upole, bila ya kujua anamtaka mgonjwa wake jambo zito kuliko dawa zote za hospitali. Anayeamrishwa kusamehe ndiye aliyedhulumiwa, naye hujibu kwa kimya. Ushairi wote wa filamu umelala katika neno hili moja, na mtazamaji aliye upande wa pili wa ukuta hawezi kuupata hata akifungua macho vipi.

Ziko kasoro. Kiingereza kimepewa nafasi pana mno, na ishara zimerundikwa hadi nyingine zinakanyagana. Lakini lililoonekana fumbo kwa wahakiki wa mbali halikuwa fumbo Pujini. Habari za mizimu zinafahamika kisiwani, kwa wanaoziamini na kwa wanaozikataa. Watu hawakubishana kama bibi yule wa kale ni alama ya historia ya Waafrika. Walibishana kama alikuwa na haki ya kumwandama mtoto wa watu namna ile, na anadai nini. Huko ni kuisoma filamu kwa undani, japo hakutumii istilahi.

Filamu ya nne ni fupi, nayo imeizaa upya ya tatu. Ni Tenzi za Sinema, kazi ya kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam. Inawafuata wafanyakazi wa sinema ya mitaani, akiwemo msimulizi DJ Black, katika jitihada za kuirudisha Maangamizi kwa watazamaji wa kawaida kupitia mabanda ya video na sauti ya msimulizi. Jina lake la Kiingereza ni Apostles of Cinema. Kwa Kiingereza, basi, watu hawa ni mitume. Kwa Kiswahili kazi yao ni tenzi. Safari hii Kiswahili kimeshinda bila shaka. Mtume hupeleka neno kama alivyopewa. Msimulizi wa bandani, tangu enzi za Lufufu, hupewa kisa cha kigeni akakitunga upya mbele ya hadhira, kama mtunzi wa tenzi aliyepokea kisa kutoka Arabuni akakivika mizani ya Kiswahili.

Wako wanaomdharau msimulizi huyo. Husema anafunika sauti za waigizaji, anaongeza yasiyokuwemo, anatia mzaha penye msiba. Mengi katika hayo ni kweli, na mzaha penye msiba ni kosa ambalo sifa za uhuru haziwezi kulifuta. Fasiri ni uhuru wenye adabu. Lakini adabu hiyo hufundishika, na mtoto wa Pujini aliionesha bila ya kufundishwa, kwa kujua wapi pa kusema na wapi pa kunyamaza. Msimulizi mwenye kipimo kama kile angemtosha bibi yake na angemtosha Samehe.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalouma. Katika filamu zote nne Kiswahili kimesikika cha namna nyingi, ila Kipemba hakikusikika. Kisiwa hiki ndicho cha Kamange na Sarahani, ambao malumbano yao yalikusanywa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba. Ndicho kilichomzaa Said Ahmed Mohamed, ambaye riwaya zake, kuanzia Asali Chungu, zimejaa maneno ambayo msomaji wa mbali huyatafutia kamusi. Mtoto wa Pujini leo hujifunza kutoka kwenye picha namna ya kusema kama watu wa Dar es Salaam, na hujifunza upesi. Hapana ubaya kwake kujua lugha ya mjini. Ubaya ni kuona kwamba ya nyumbani haifai kupandishwa ukutani. Akishaamini hivyo, ataacha kuisema mbele ya wageni, kisha ataacha kuisema. Mtengenezaji wa filamu anayetafuta mazungumzo makali, yenye jibu juu ya jibu, hana haja ya kwenda mbali. Aje na chombo kizuri cha kunasa sauti, akae barazani, asiwakatize watu.

Usiku wa mwisho, kabla mashine haijawashwa, bibi alimwita yule mtoto akae karibu naye. Filamu ilikuwa ya Kiswahili, na mtoto hakuwa na kazi kubwa ya kufasiri. Alikaa hivyo hivyo, na kila msimulizi wa ukutani alipotamka neno la mjini ambalo bibi hakulijua, alimtilia sikioni neno lao.