"Hakuna", "Hamna" na "Haijaletwa": Uhakiki wa Istilahi za Orodha Isiyo na Kitu

Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi ziitwazo Jambo OpenOffice, istilahi za kompyuta zimejadiliwa sana. Watu wameshindana juu ya "kompyuta" na "tarakilishi", juu ya "kiwambo" na "skrini". Lakini yako maneno madogo yaliyopuuzwa, nayo ni yale yanayoandikwa pale ambapo kiwambo hakina cha kuonyesha.

Tuchukue mfano wa ofisa anayefungua programu ya mtandaoni kutazama orodha ya samaki waliopatikana pwani ya Bagamoyo. Kiwambo chamjibu: "Hakuna data." Je, wavuvi hawakupata kitu, au taarifa zao hazijaletwa kutoka kwenye kanzidata? Mtunga programu aliye makini huuliza maswali mawili kabla ya kupanga jedwali: je, mkusanyo wa data upo? Na kama upo, je, ndani yake mna kitu? Akisahau swali la kwanza, programu huweza kukwama. Akisahau la pili, msomaji huachiwa vichwa vya jedwali visivyo na neno chini yake. Mfasiri anapotia "hakuna" kila mahali, huifuta tofauti ambayo mwenzake ameihangaikia. Ofisa naye huandika katika ripoti kwamba bahari imenyima, kumbe karatasi ndizo zilizochelewa.

Kosa hili si la umaskini wa lugha. Kutoka Kunduchi hata Saadani, mvuvi wa dema hahitaji kamusi kulieleza jambo hili. Akiulizwa habari za dema ambalo hajaliopoa, husema: "Sijalitazama." Akiisha kuliopoa na kulikuta halina samaki, husema: "Humu hamna kitu." Na akizungumzia bahari nzima, husema: "Samaki hakuna." Kauli tatu, hali tatu. Kiambishi -ja- chatuambia kwamba tendo bado. M- chataja ndani ya chombo kilichokwisha kuchunguzwa. Ku- chataja eneo lisilo na mpaka dhahiri.

Wako wanaopendekeza "orodha tupu". Hatuafiki. "Maji matupu" ni maji bila kingine, na "uongo mtupu" ni uongo wenyewe hasa. Kwa hiyo "orodha tupu" yaweza kueleweka kuwa ni orodha na si zaidi. Maana ya tatu ya neno hilo hatuna haja ya kuitaja mbele ya wasomaji wetu. "Sifuri" nayo, ingawa asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu, sasa ni hesabu. Na hesabu haitajwi kabla ya kuhesabu. Kumwandikia mtu sifuri wakati mkusanyo haujafika ni kuhesabu samaki wa dema lililo bado majini.

Yapo pia ya kusemwa dhidi ya "hamna". Katika mazungumzo ya mjini limekwisha kushika nafasi ya "hakuna", na likisimama peke yake huweza kusomeka "ninyi hamna", kana kwamba programu inamsuta msomaji. Dawa yake ni kuliongoza kwa "humu".

Kwa hiyo twapendekeza: "Orodha haijaletwa", mkusanyo usipokuwapo, "Humu hamna kitu", mkusanyo ukiwapo bila kitu ndani, na "Hakuna kilichopatikana", mtu anapotafuta jambo asilione. Walimu wawazoeze wanafunzi tofauti hizi, na wafasiri wamuulize mtunga programu ni hali ipi anayoikusudia kabla ya kushika kalamu. Neno lisilo sahihi katika kiwambo kisicho na kitu humpotosha msomaji kuliko kosa katika kiwambo kilichojaa, maana hapo halina neno jingine la kulisahihisha.