Mabati ya Kamalondo na Mwangwi wa Redio

Redio inayounganisha ndege na uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, mara nyingi hupimwa kwa swali moja: ishara inafika mbali kiasi gani? Jibu lake halisumbui. Mji umekaa mita 1,200 na kitu juu ya usawa wa bahari, hivyo ndege iliyo mita 10,000 imepaa kama mita 8,800 tu juu ya paa za mtaa wake wa Kamalondo. Antena yenye mlingoti wa mita 20 itaonana nayo hadi kilomita 400 hivi. Mpinzani wa mawasiliano ni mwangwi. Wimbi moja hunyooka hadi kwenye ndege, jingine hugonga ardhi kwanza na kuchelewa kidogo, na yakikutana kilele kwa bonde huuana. Mtu anayepima nguvu ya ishara peke yake huliona shimo hilo bila kujua limechimbwa na nini. Kipimo kisichotenganisha nyakati za kuwasili hakijapima njia ya mawimbi.

Mfano bora wa kipimo kinachozitenganisha ni kazi ya NASA ya mwaka 2013, iliyochambuliwa na David Matolak na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Kisambazaji kiliwekwa ardhini, vipokezi vikawekwa ndani ya ndege ya S-3B Viking, katika bendi mbili: karibu megahezi 970 na karibu 5,060. Kisambazaji hurudia mfuatano unaojulikana, nacho kipokezi hulinganisha kilichopokelewa na kilichotumwa, kikipata kila nakala na kuchelewa kwake. Uzuri wote umo katika upana wa bendi. Kwa megahezi 50, njia mbili zinazotofautiana kwa mita 6 huonekana kila moja peke yake. Kwa megahezi 5, tofauti hiyo lazima ifikie mita 60. Katika mtaa wa nyumba za chini zilizobanana kama Kamalondo, mita 60 humeza nyumba kadhaa, na miangwi mingi ya mabati yake ingeyeyuka ndani ya wimbi la moja kwa moja.

Mtu atasema marubani wamezungumza na minara kwa miongo mingi bila vipimo hivi. Ni kweli, kwa sababu sauti ya kawaida hutumia bendi nyembamba sana, na sikio husamehe mkwaruzo. Kiungo cha data hakisamehe: mwangwi uliochelewa huangukia alama inayofuata. Mwendo nao huongeza mzigo, maana ndege ya mita 250 kwa sekunde inaweza kusogeza masafa ya megahezi 970 kwa hezi 800 hivi, na yale ya 5,060 kwa zaidi ya 4,200.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hesabu ya miali miwili, ule ulionyooka na ule unaogonga ardhi, inatosha. Juu ya maji inakaribia kweli, na vipimo vya NASA kwenye pwani ya Oxnard viliuonyesha mwali wa pili wazi. Lakini mjini na milimani ilionekana miangwi inayozuka, kudumu kitambo na kutoweka ndege inaposogea. Lubumbashi ina nyuso za kuizua: uwanja wa soka wa TP Mazembe pale pale Kamalondo, bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilima cheusi cha masalio kando yake. Hesabu hiyo haiwezi kubashiri ni uso upi utang'aa na kwa muda gani. Kampeni ya vipimo hapa ingehitaji njia ile ile irukwe mara mbili, kiangazi na masika, kwa kuwa udongo uliolowa huakisi tofauti na ule mkavu, ilhali mabati hayabadiliki. Tofauti kati ya safari hizo mbili ingeonyesha mwangwi upi ni wa ardhi na upi ni wa paa.