Bisibisi na Vumbi la Dodoma

Gari la rimoti likikimbia uwanjani huwa la kila anayelitazama. Likishafunguliwa na kutandazwa mezani, hubaki kuwa la mtu mmoja tu: yule anayejua skrubu ipi ilitoka wapi. Nashikilia kwamba huyo ndiye mwenye gari, hata kama risiti ina jina la mwingine, na kwamba sifa tunazoupa mchezo huu zianzie kwenye zana zake kabla ya kufika kwenye mwendo wake. Sizungumzii yale magari ya plastiki yanayouzwa barabarani, yaliyogandishwa kwa gundi, ambayo yakizima ndiyo basi. Nazungumzia gari lililoundwa ili lifunguliwe: mota inatoka peke yake, gia zinatoka, shokapu zinabadilishwa mafuta, risiva inachomolewa. Kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, ilijijengea jina kwa kuuza magari yakiwa vipandevipande ndani ya boksi, mnunuzi akaunge mwenyewe. Aliyenunua boksi hilo alinunua kazi, na kazi hiyo haifanyiki kwa mikono mitupu.

Dodoma inaikuza hoja hii kuliko miji mingi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo. Gari dogo linalopita chini chini ardhini hula vumbi hilo lote. Mwanagenzi akisikia gia zinakwaruza, wazo la kwanza ni kuzipaka grisi, na kwa gia zilizo wazi hilo ndilo kosa lenyewe: grisi hukamata mchanga, mchanga na grisi vikawa tupa, na meno ya plastiki yakaliwa kidogo kidogo kila gari linapokimbia. Gia za wazi za plastiki huachwa kavu. Kinachohitajika ni mswaki mkuukuu, pampu ya baiskeli ya kupulizia, na subira ya kufungua magurudumu ili kuzungusha kila beringi kwa ncha ya kidole. Beringi nzima huzunguka kimya. Iliyoingia mchanga hukwama kwama, na kidole hulijua hilo kabla ya sikio. Hakuna kati ya vifaa hivyo kinachopigiwa debe dukani, lakini bila hivyo gari la bei yoyote halivuki kiangazi kimoja huku.

Eneo hili lilishatoa ushahidi wa namna hiyo kwa mashine kubwa zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, wakipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya jeshi kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa una chembe kali za mawe zinazosaga chuma, na kiangazi hukauka ukawa mgumu wa kupinda majembe. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala, kwa sababu mashine zilitangulia na karakana na vipuri vikafuata nyuma. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua haba na pupa ya wakubwa zikiwemo, na sitaki kuzikusanya zote ziwe moja. Ila hili la kuanza na mashine kabla ya meza ya kuitengenezea ndilo linalorudiwa kila siku, na mzazi anayemnunulia mtoto gari la rimoti bila bisibisi moja ya maana analirudia kwa kiwango chake.

Na bisibisi yenyewe si bisibisi tu. Skrubu za magari mengi ya Kijapani zina alama ya nyota, lakini umbo la tundu lake linatofautiana kidogo na la ile nyota ya kawaida iliyobuniwa Marekani. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini. Ukikaza, hupanda juu, hula kingo za tundu, na baada ya mara mbili tatu skrubu inabaki na kishimo cha duara kisichoshikika na chochote. Magari mengine hutumia alenki, na hapo vipimo haviruhusu kubahatisha: tundu likiingiziwa alenki iliyo ndogo kidogo kuliko kipimo chake litazunguka, litaleta matumaini, kisha litaharibika. Ziada ya hapo kuna ujuzi usiouzwa. Skrubu inayoingia kwenye plastiki ilishachonga njia yake mara ya kwanza ilipofungwa. Ukiirudisha kwa nguvu itachonga njia ya pili juu ya ile ya kwanza, na tundu litalegea kabisa. Anayejua huizungusha kwanza kinyume, polepole, mpaka asikie imeshuka kidogo, tik. Hapo imeikuta njia yake ya zamani, ndipo aikaze kwa vidole viwili na kuacha mara inapogoma. Yote haya hutokea katika nusu duara ya mkono, na mtazamaji hadhani kama kuna lolote lililofanyika.

Watasema huu ni mchezo wa wenye pesa. Kwa upande wa gari, wanasema kweli, na sioni haja ya kubisha. Kwa upande wa zana hali ni tofauti. Fundi simu wa Majengo au Sabasaba, hapa mjini Dodoma, ana bisibisi ndogo ndogo, kibano, chuma cha kuchomelea lehemu na maltimita, yaani sehemu kubwa ya karakana nzima ya gari la rimoti iko tayari juu ya meza yake, na mkono wake umeshazoea kazi ndogo kuliko hii. Tena watoto wa Ugogo, yaani huku Dodoma, hawakusubiri rimoti ndipo waunde magari. Gari la mabua ya mtama linafungwa kwa bua lenyewe: ganda gumu la nje linachanwa kuwa vijiti vyembamba, vijiti vinachomwa kwenye kiini laini cha bua jingine, nacho kiini kinavishika. Hakuna gundi wala msumari. Magurudumu hukatwa kwenye ndala zilizokwisha, na zana ni kisu kimoja, wakati mwingine wembe. Mtoto aliyewahi kuona ekseli ikipinda na gari likakataa kwenda moja kwa moja ameshafunzwa somo la usukani, tena bila betri.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi: kwamba muda wa kukaza skrubu za kimchezo ungetumika kwenye kazi halali. Wanaosema hivyo hudhani umakini wa mkono hufundishwa na kazi kubwa tu. Tazama ilimba ya Wagogo, ala ambayo Hukwe Zawose (1938–2003) aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Vipande vyake vya chuma vilivyofuliwa bapa hupandishwa au kushushwa sauti kwa kusogezwa: kikisukumwa nyuma, sehemu inayotetema inakuwa fupi na sauti inapanda, kikivutwa mbele, inashuka. Kikishikwa kwa ulegevu hakilii sawasawa. Ala ya kuchezea ngoma, basi, inadai kipimo ambacho jembe halikidai. Gari la rimoti lina mahali pake pa namna hiyo, pale gia ndogo ya mota inapokutana na gia kubwa. Zikikaribiana mno, mota inapata moto na betri inaisha haraka. Zikiachana mno, meno yanakatika. Zana ya kupimia hapo ni kipande cha karatasi ya daftari: unakipitisha katikati ya gia, unazisogeza zibane, unakaza skrubu za mota, kisha unakitoa. Kikitoka kimekunjika kunjika bila kuchanika, nafasi imekaa vizuri. Sijui kifaa cha bei ndogo kuliko hicho chenye kazi kubwa namna hiyo.

Hata hivyo sifa ya kubuni ina mpaka, na mpaka huo ni betri. Betri za lithiamu za magari haya haziendani na desturi yetu ya kuunga-unga. Yenye seli mbili huandikwa volti 7.4, na ikijaa hufika 8.4, yaani 4.2 kwa kila seli. Chaja isiyotazama seli moja moja huridhika na jumla: seli moja inaweza kuwa 4.4 na nyingine 4.0, hesabu ikatimia, huku ile ya kwanza ikivimba na kukaribia moto. Ndiyo maana betri hizo zina plagi ndogo ya pili yenye nyaya tatu, ambako maltimita huipima kila seli peke yake, na ndiyo maana chaja inayosawazisha seli haina mbadala wa kienyeji. Kwa anayeanza Dodoma na bajeti finyu, ningegawa pesa hivi: chaja ya kweli kwanza, kisha bisibisi mbili tatu za chuma kigumu zinazolingana na skrubu za gari lake. Lehemu aiombe kwa fundi simu wa jirani mpaka atakapojipanga, na kibao cha kusimamishia gari wakati wa matengenezo akichonge kwa mbao chakavu. Chaja asiiazime wala asiichonge, na betri iliyovimba asiichaji tena hata kama gari bado linakwenda.