Mwizi Aliyefagia Nyumba

Donald X. Vaccarino alipotoa mchezo wa Dominion mwaka 2008, aliweka ndani karata ya Mwizi. Kila mchezaji huanza na shaba 7, sarafu hafifu ambazo baadaye humziba njia. Basi Mwizi alipomwibia mtu shaba, alikuwa amemfagilia nyumba!

Toleo la pili, mwaka 2016, lilitupa karata 6, Mwizi akiwamo, likaleta 7 mpya. Jambazi aliyeingia haigusi shaba. Huwaangamizia wenzio fedha au dhahabu, nawe hukupa dhahabu. Naafiki: jina likitisha, tendo nalo litishe.

Hata hivyo nasikitika. Kwamba si kila kipoteacho ni hasara, karata ya Kanisa Dogo ingali inafundisha. Lakini Mwizi alilifundisha kwa kumuumbua aliyemtuma.